Kivuli kwa Kila Mtaa wa Moshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mgawanyo wa Miti Mjini

Maswali haya ni yale tunayokutana nayo kila tunapozungumzia miti kwenye mikutano ya mitaa, vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp ya wakazi wa Moshi. Majibu yana msimamo: kivuli ni huduma kama maji na taa za barabarani, na huduma haipaswi kuishia kwenye mitaa yenye viwanja vikubwa.

Moshi si mji wa kijani tayari? Mnalalamikia nini?

Kijani kipo, ila kimeegemea upande mmoja. Panda kutoka mnara wa saa kuelekea Shanty Town, mtaa wa viwanja vikubwa licha ya jina lake, na hospitali ya KCMC: utatembea chini ya mijakaranda na miti mingine mikubwa ambayo matawi yake yanakutana juu ya barabara. Mwezi wa kumi maua yanatandika njia nzima. Sasa shuka Majengo, Pasua, Bomambuzi au Kaloleni saa saba mchana wa Februari. Bati linagusana na bati, njia ni vumbi, na mti wenye kivuli cha kutosha watu watano ukiuona ujue chini yake kuna kijiwe cha bodaboda, fundi viatu na mama wa matunda, wote wanagombania sehemu ileile.

Tatizo la kusema "mji wetu una miti" ni kwamba unachanganya yote kwenye kapu moja. Msitu wa Hifadhi wa Rau uko kilomita chache tu kutoka mjini, una mivule mikubwa na chemchemi, nasi tunaupenda kwa dhati. Lakini muuza mitumba wa soko la Memorial hakai chini ya mvule wa Rau. Anakaa alipo, na hapo ndipo jua linapompiga. Wastani wa mji mzima unaweza kupendeza kwenye taarifa wakati nusu ya wakazi hawana mti hata mmoja mbele ya mlango.

Imekuwaje mgawanyo ukawa hivi? Kuna mtu aliyepanga?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Miji ya Tanganyika ilichorwa enzi za ukoloni kwa kutenganisha watu: uzunguni, uhindini na uswahilini. Uzunguni kulipewa viwanja vikubwa, nyumba ikiwa katikati ya bustani, na barabara pana zenye miti kandokando. Uhindini palikuwa pa biashara. Waafrika walipangiwa viwanja vidogo, nyumba karibu na nyumba, kwa hesabu kwamba wao ni vibarua wa kupita tu. Baada ya uhuru ubaguzi wa rangi uliondolewa kwenye ramani, lakini viwanja havikubadilika ukubwa. Tukaanza kuviita vile vikubwa "ujazo mdogo", vya wastani "ujazo wa kati" na vidogo vilivyobanana "ujazo mkubwa". Mti uliopandwa uzunguni miaka themanini iliyopita bado unampa kivuli aliyeko pale leo, awe nani.

Juu ya hapo kuna mitaa iliyokua baadaye bila kupimwa, ambako kila kipande kilichobaki kilijengwa. Hakuna aliyeacha nafasi ya mti kwa sababu hakuna aliyeacha hata nafasi ya mtaro.

Linaloumiza ni kwamba wengi wetu tumetoka mlimani, Kilimanjaro. Aliyekulia kihambani, yaani kwenye shamba la kuzunguka nyumba, Marangu, Kibosho au Machame anajua miringaringa na miruka ikiwa juu, migomba chini yake, kahawa katikati na magimbi yakifunika ardhi. Kupanga miti pamoja na makazi si elimu ngeni kwetu. Tuliiacha juu tulipoteremka kutafuta maisha.

Si ni urembo tu? Kuna barabara mbovu, kuna madawati.

Mti unafanya kazi mbili za kupoza. Kwanza unazuia jua lisifike kwenye lami, ukuta na bati. Lami, ukuta au bati lililo kivulini linaweza kuwa na joto la chini kuliko lililo juani kwa nyuzi 11 hadi 25 za Selsiasi wakati wa joto kali. Pili, mti unavuta maji ardhini na kuyatoa kama mvuke kupitia majani, na kazi hiyo, pamoja na kivuli, inaweza kupunguza joto la hewa yenyewe kwa nyuzi 1 hadi 5. Moshi iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na anayeishi hapa hahitaji kuelezwa Januari hadi Machi huwa vipi. Chumba cha bati kisicho na dari hakipoi hadi usiku wa manane. Anayelala humo na mtoto mchanga au na bibi mwenye presha hasemi habari za urembo.

Mwaka 2023 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti wa miji 93 ya Ulaya. Watafiti walikadiria kwamba majira ya joto ya mwaka 2015 watu wapatao 6,700 walikufa kwa sababu ya joto la ziada la mijini, na kwamba kama miti ingefunika asilimia 30 ya miji hiyo, zaidi ya theluthi moja ya vifo hivyo vingeepukika. Hiyo ni Ulaya, yenye hospitali na nyumba za matofali mazito.

Barabara na madawati tunayataka pia. Mti hauombi fungu la barabara. Unaomba tu mita moja pembeni mwake.

Je, ni tatizo la Moshi peke yake?

Hapana, na ni vizuri kuona wengine walivyolikuta. Marekani, miaka ya 1930, shirika la serikali lilichora ramani za miji na kuipa mitaa alama A hadi D kwa ajili ya mikopo ya nyumba. Mitaa ya watu weusi na wahamiaji maskini ilipewa D na kupakwa rangi nyekundu. Uchunguzi wa miji 37 uliotolewa mwaka 2021 ulikuta kwamba mitaa iliyopewa A ina miti iliyofunika takriban asilimia 43 ya eneo, ile ya D asilimia 23. Ramani za miaka ya 1930, kivuli cha leo. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2020 ulipima joto kwenye maeneo 108 ya miji na kukuta katika asilimia 94 ya maeneo hayo, mitaa iliyopakwa nyekundu ndiyo yenye joto zaidi.

Afrika Kusini wamekuta hadithi hiyohiyo: miaka mingi baada ya ubaguzi kufutwa, mitaa waliyotengewa wazungu bado ina miti mingi zaidi na iko karibu zaidi na bustani za umma.

Kwa hiyo shirika moja la Marekani, American Forests, lilianzisha alama ya usawa wa miti, kuanzia 0 hadi 100 kwa kila mtaa. Halihesabu miti tu. Linaangalia pia kipato, umri, afya na joto la mahali, ili mti unaofuata uende unakohitajika zaidi. Wazo hilo ndilo tunalolitaka Moshi, hata kama litaanza na daftari na kalamu.

Miti kiasi gani inatosha?

Kipimo rahisi kukumbuka ni 3-30-300, kilichopendekezwa mwaka 2021 na mtaalamu wa misitu ya mijini, Cecil Konijnendijk. Kila nyumba ione angalau miti 3 kutoka dirishani. Kila mtaa ufunikwe na majani ya miti kwa asilimia 30. Kila mkazi awe ndani ya mita 300 kutoka bustani au eneo la wazi lenye kijani.

Kwa Pasua au Bomambuzi, hiyo 30 haitafikiwa kesho. Tungependekeza kuanza na 3 na 300. Simama mlangoni kwako: unaona miti mingapi? Tembea dakika nne au tano: unafika mahali pa umma penye kivuli pa kukaa bila kununua kitu? Majibu mawili hayo tayari yanamwambia diwani mengi.

Tutajuaje mtaa wetu uko wapi? Hatuna wataalamu.

Hamhitaji mtaalamu kuanza. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni picha ya satelaiti. Fungua Google Earth, chora mpaka wa mtaa, kisha tupa nukta 200 ndani yake bila kuchagua mahali. Programu ya bure iitwayo i-Tree Canopy inatupa nukta yenyewe. Kazi yako ni kusema kila nukta imeangukia nini: mti, bati, udongo au barabara. Zikiangukia mti 24 kati ya 200, mtaa umefunikwa kwa takriban asilimia 12. Kwa nukta 200 jibu linaweza kupishana na ukweli kwa asilimia nne au tano juu au chini, kiasi kinachotosha kabisa kulinganisha mtaa na mtaa. Kuweni makini na migomba na uzio wa michongoma, maana kutoka juu huwa inafanana na miti.

Ya pili ni kutembea. Vijana wanne, siku moja, upande huu na huu wa kila njia. Andikeni aina ya mti, unene wa shina kwenye kimo cha kifua cha mtu, hali yake, na nani anautunza. Andikeni pia mashimo matupu, yaani mahali ambapo mti ungekaa bila kumsumbua mtu. Orodha ya mashimo matupu ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu inageuza malalamiko kuwa mpango.

Serikali si inapanda miti tayari? Kila halmashauri ina lengo la milioni 1.5 kwa mwaka.

Lengo lipo na nia yake ni njema. Lakini lifikishe Moshi mjini uone. Manispaa nzima haifiki kilomita za mraba 60. Miti milioni 1.5 ndani yake ni mti mmoja kwa kila mita 40 za mraba, ukihesabu na nyumba, barabara na uwanja wa mpira, na hiyo ni ya mwaka mmoja. Mwaka wa pili ungepanda wapi? Lengo kama hilo linaweza kuleta maana kwenye wilaya yenye vilima na mashamba. Mjini linatusukuma kuhesabu miche iliyogawiwa, na miche inagawiwa kwa mwenye eneo la kupanda: shule kubwa, taasisi, mwenye kiwanja cha ekari. Wa Majengo anapewa mche mmoja wa mparachichi, anautazama, anauweka juu ya ndoo.

Tungeomba manispaa ihesabu kitu kimoja tofauti: miti iliyo hai baada ya miaka mitatu, mtaa kwa mtaa, na orodha ibandikwe kwenye ofisi ya kila kata. Sherehe za Aprili 1, siku ya taifa ya kupanda miti, ziendelee, ila mgeni rasmi apelekwe kukagua aliyopanda miaka mitatu iliyopita kabla ya kukabidhiwa jembe jipya.

Huku kwetu nyumba zimebanana. Mti utakaa wapi?

Nje ya kiwanja. Kwenye mitaa ya ujazo mkubwa mti wa umma ndio mti pekee unaowezekana. Shule za msingi zina maeneo. Misikiti na makanisa yana viwanja. Zahanati ina foleni inayosimama juani. Soko lina kingo zake. Stendi ndogo na vituo vya daladala vina mita mbili nyuma ya benchi. Kingo za mito Rau, Karanga na Njoro zimelindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, mita 60 kutoka ukingoni, na huko panafaa miti ya asili kuliko nyanya na takataka.

Ndani ya kiwanja, msisahau uwanja wa katikati kwenye nyumba za Kiswahili. Mpapai, mkomamanga au mzabibu wa kutambaa juu ya fremu ya mbao unampoza mpishi na mfuaji. Si mti mkubwa, lakini kwa wanaoshinda hapo siku nzima ni tofauti kati ya kufanya kazi na kuumwa kichwa.

Mimi ni mpangaji. Nipande mti wa mwenye nyumba nikahame?

Swali la haki, na ndiyo sababu hatupendi kampeni zinazomtupia kila kitu mkazi mmojammoja. Panda kwenye eneo la umma pamoja na majirani, ili ukihama mti usihame umiliki. Ukitaka kupanda uani, zungumza kwanza na baba au mama mwenye nyumba mbele ya mjumbe, mkubaliane nani anamwagilia na kwamba hautakatwa kwa ajili ya chumba kipya mwakani.

Tupande mti gani?

Uliza kwanza mti unataka kukufanyia nini, kisha angalia juu na chini. Juu kuna nyaya? Usipande kitu kitakachozifikia, kwa sababu TANESCO watakikata kila mwaka hadi kibaki kisiki chenye nywele. Chini kuna bomba, mtaro au msingi? Weka mbali mikuyu na jamii yote ya mitini.

Kwa barabara yenye nafasi, mringaringa ni chaguo tunalolipenda: ni wa kwetu, unakua haraka, unatanda, na maua yake meupe yanaita nyuki. Mkangazi na mvule ni miti ya wajukuu; ipewe uwanja wa shule au ukingo wa mto. Mwarobaini unavumilia ukame wa huku chini kuliko mingi na majani yake hayaliwi sana na mbuzi. Mwembe ni kivuli kizuri kuliko vyote, ila shuleni jiandaeni kwa mawe yanayorushwa msimu wa maembe. Pandeni mbali na madirisha.

Kuhusu ashoki, ule mti mwembamba unaopendwa kwenye mageti: unapendeza, lakini umesimama kama mshumaa na kivuli chake hakimtoshi kuku. Kama lengo ni kivuli, acheni. Mkaratusi nao unakunywa maji mengi, usipandwe karibu na chemchemi za Njoro wala kisima cha mtu. Jakaranda imeshakuwa sura ya mji wetu na hatusemi ikatwe, ila haina ulazima wa kuwa jibu la kila barabara.

Miche yetu hufa kila kiangazi. Tunakosea wapi?

Mara nyingi hakuna kosa la upandaji. Kuna ukosefu wa mwenye mti. Panda mwanzo wa masika, Machi kuingia Aprili, si katikati ya Juni kwa sababu mgeni rasmi amepata nafasi. Shimo liwe sentimita 60 kwa 60 kwa 60. Udongo wa juu uuweke kando, uchanganye na ndoo ya samadi iliyooza, urudishe huo chini. Toa kiriba chote, yaani mfuko wa nailoni uliobeba mche. Tumekuta miche iliyokufa imevuliwa nusu tu, mizizi imejizungusha ndani ya nailoni kama uzi kwenye kibiriti. Acha kisahani kuzunguka shina ili maji yasikimbie, tandaza majani makavu, na jenga kizuizi cha matete au miti dhidi ya mbuzi. Mbuzi wa Bomambuzi hawana mipaka.

Baada ya hapo, lita 10 mara mbili kwa wiki zinatosha kiangazi cha kwanza na cha pili. Maji ya kufulia na kuoshea vyombo yanafaa, ila yasiwe na dawa ya kung'arisha nguo wala chumvi nyingi.

Nani amwagilie? Freetown, Sierra Leone, walijibu hili vizuri kuliko wengi tunaowajua. Kampeni yao iliyoanza mwaka 2020 chini ya Meya Yvonne Aki-Sawyerr inawalipa wakazi kuufuatilia mti mmojammoja, kwa picha za simu zinazothibitisha kwamba uko hai. Mti unakuwa ajira ndogo ya mtaani. Moshi tuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kinaweza kufungua kitalu kwa mkopo huo. Lakini mkopo hurudishwa, hivyo manispaa iwe mteja: inunue miche na ilipie utunzaji kwa mti uliopona.

Miti haileti mbu, nyoka na vibaka?

Mbu wa malaria huzaliana kwenye maji yaliyotuama. Safisheni mitaro na mtoe makopo. Nyoka wanapenda vichaka na marundo ya takataka, si shina lililosafishwa. Kuhusu vibaka, hofu ya akina mama wanaorudi usiku ni ya kweli na isidharauliwe: pogoeni matawi ya chini hadi juu ya kichwa cha mtu mzima, na msipande mti mbele ya taa ya barabarani.

Kwa nini Pasua wapewe miti mingi kuliko sisi? Usawa si kila kata ipate sawa?

Ukigawa miche 1,000 sawasawa kwa kata zote, kata yenye miti itabaki mbele na kata isiyo na mti itabaki nyuma. Pengo halijasogea hata hatua. Tunachoomba ni kwamba kwa miaka kadhaa fedha za umma za miti zianzie kwenye mitaa yenye joto kali, kipato kidogo na watoto na wazee wengi. Shanty Town haipotezi mti wowote. Inaendelea kutunza iliyo nayo, na wakazi wake wenye nafasi ya kupanda kwa fedha zao wanaendelea.

Mtaa ukipendeza, kodi haitapanda na sisi tukahamishwa?

Inaweza kutokea, na imetokea kwenye miji mingine pale bustani kubwa ya kuvutia ilipojengwa sehemu moja. Ndiyo maana tunapendelea miti ya kawaida iliyotawanywa kwenye mitaa mingi kwa pamoja. Mtaa mmoja ukipendezeshwa peke yake unakuwa kivutio. Ishirini ikipata kivuli pamoja, hakuna wa kukimbiliwa.

Tupeleke wapi hoja yetu?

Mkutano mkuu wa mtaa kwanza, na ombi liingie kwenye muhtasari. Bila muhtasari, mwenyekiti hana cha kupeleka. Kutoka hapo lipande Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha diwani alibebe kwenye baraza. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, hivyo hoja inayofika Mei imechelewa. Iwe imefika kata kabla ya Krismasi. Kwa barabara za mitaa zungumzeni na TARURA kabla ya kuchimba, kwa barabara kuu ni TANROADS. Mti uliopandwa kwenye hifadhi ya barabara bila kuulizia utang'olewa siku ya upanuzi na hamtakuwa na pa kusemea.

Barabara inapanuliwa na mti wa zamani unakatwa. Tumeahidiwa kumi badala yake. Tukubali?

Msikubali kirahisi. Mwembe ambao matawi yake yanafika mita 12 kutoka ncha hadi ncha unafunika takriban mita za mraba 113. Mche mpya haufuniki hata mita moja. Miche kumi haifikii mwembe huo mmoja kwa miaka mingi, na hiyo ni ikiwa yote itapona na kupandwa mtaa uleule, si kwenye kiwanja cha taasisi upande wa pili wa mji.

Ulizeni mapema, wakati michoro bado iko mezani: je, mtaro unaweza kupinda mita moja? Je, njia ya miguu inaweza kupita nyuma ya shina? Mara nyingi inawezekana kama aliyechora aliambiwa kwamba mti upo. Ikishindikana kabisa, ombeni kuona kibali cha kukata, na mapatano yaandikwe: miche mingapi, aina gani, kwenye mashimo yapi kati ya yale mliyoorodhesha, nani analipwa kuitunza kwa miaka mitatu, na mbao na kuni za mti uliokatwa zinakwenda kwa nani. Shule ya mtaa huo huwa na uhitaji wa madawati.